Matofali ya kuchoma (Mlali, Morogoro)

Matofali ya kuchoma hutumika sana kujengea nyumba huko Mlali, kata ya Wilaya ya Mvomero iliyo chini ya Milima ya Uluguru. Udongo wa mfinyanzi hukandwa, hufyatuliwa kwa kalibu ya mbao, huanikwa hadi ukauke, kisha matofali hupangwa kuwa tanuru lenye matundu ya kuni chini na kukandikwa tope nje. Nyumba ya matofali hayo hustahimili mvua na mchwa kuliko ya miti na udongo, na kuta zisizo na nyufa huwanyima wadudu maficho; faida hiyo ya kiafya isibezwe. Hasara huonekana nje ya kuta: miti hukatwa, moshi huwasumbua wachomaji na majirani, na mashimo ya udongo hutuamisha maji wanamozaliana mbu. Mteremko uliokatwa miti humomonyoka, na tope huingia Mto Mlali, unaoelekea Bwawa la Mindu, chanzo kikuu cha maji ya mji wa Morogoro.

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi hueneza matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Saruji, hata hivyo, hununuliwa dukani, ilhali kuni mara nyingi hupatikana bure.