Martlet ya rimoti: jinsi ndege kubwa ya mfano inavyotayarishwa na kurushwa

Mwezi wa Aprili 1942, Wajapani waliushambulia mji wa Colombo, na manowari za Uingereza zilizokuwa zikilinda Bahari Hindi zikahamishiwa Kilindini. Miongoni mwa zile zilizotia nanga hapa mwaka huo ni Illustrious na Formidable, manowari za kubebea ndege. Ndani yake zilikuwa na ndege ndogo nene, zenye pua butu kama pipa, zikiitwa Martlet. Hilo ni jina ambalo Waingereza waliwapa Grumman Wildcat zilizotoka Marekani.

Martlet nzima zilizobaki duniani ni chache. Mmoja akitaka kuiona, iko katika Makumbusho ya Fleet Air Arm huko Yeovilton, Uingereza, imetulia ndani ya jengo. Lakini wako mafundi wanaozijenga upya kwa kipimo cha robo au cha tano, wakazitia injini ya petroli na kuzirusha kwa rimoti. Nimekuwa msaidizi wa mrushaji mmoja wa ndege za aina hii kule Uingereza kwa miaka kadhaa. Kazi yangu ni kushika mkia injini inapowashwa, kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, na kusimama ubavuni mwa mrushaji ndege ikiwa juu. Nikija nyumbani vijana huniuliza: zile ndege za kwenye video ni toi? Na je, twaweza kuzirusha hapa kwetu? Makala haya ni jibu la maswali hayo mawili.

Si toi

Martlet halisi ilikuwa na mabawa ya mita 11.6 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kipimo cha robo, mfano wake una mabawa ya mita 2.9, yaani marefu kuliko kitanda cha futi sita kwa karibu mita moja nzima. Ndege za ukubwa huo huwa na uzito wa kilo 20 hadi 40, kutegemea fundi alitumia mbao gani, injini gani na vikorombwezo vingapi.

Tuchukue ndege ya kilo 25 ikienda kilomita 100 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwake. Nguvu yake ya kugonga ni sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka mita 20 juu, kama kutoka dirisha la ghorofa ya sita. Pangaboi lake la inchi 30 likizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Hata vyombo vyepesi kuliko hivi vimeua: mwaka 2013 kijana wa miaka 19 alifariki katika bustani ya Brooklyn, New York, baada ya kupigwa na helikopta ya rimoti aliyokuwa akiirusha mwenyewe.

Ndiyo sababu Uingereza ndege ya mfano inayozidi kilo 25 hairushwi kwa neno la mwenyewe tu kwamba iko sawa. Hukaguliwa ingali inajengwa, kisha ikarushwa kwa majaribio chini ya utaratibu wa Large Model Association, kabla ya kupata idhini. Marekani nako chama cha AMA kina utaratibu wake kwa ndege zinazozidi ratili 55, ambazo ni kilo 25 zilezile.

Injini ya radiali ni injini gani

Injini ya gari huwa na silinda zilizopangwa mstari mmoja, au mistari miwili yenye umbo la V. Injini ya radiali huzipanga duara kuizunguka kranki, kama miale ya nyota. Martlet halisi zilikuwa na Twin Wasp ya Pratt & Whitney yenye silinda 14, au Cyclone ya Wright yenye silinda 9. Kwenye ndege za mfano, nyingi huwa na silinda tano. Moki za Hungaria na Saito za Japani ni miongoni mwa zinazojulikana sana, na zile kubwa hugharimu maelfu ya dola.

Katika safu moja ya duara idadi ya silinda huwa witiri: tano, saba au tisa. Moto huwashwa kwa kuruka silinda moja: ya kwanza, ya tatu, ya tano, kisha ya pili na ya nne. Baada ya mizunguko miwili ya kranki kila silinda imefanya kazi mara moja, na mpigo unakuja kwa nafasi sawa. Hapo ndipo ule mngurumo mzito hutoka, ambao watu husafiri mbali kuja kuusikia.

Umbo hilohilo ndilo lenye hatari yake. Injini ikizimwa, oili iliyobaki huteremka kwa uzito wake hadi silinda za chini na kujikusanya juu ya pistoni. Hewa hukubali kubanwa, oili haikubali. Mtu akiwasha kwa nguvu, pistoni inapanda, inakutana na oili, haina pa kwenda. Kinachokubali kupinda ni konrodi. Pengine haikatiki papo hapo. Hupinda kidogo tu, injini ikawaka vizuri, ndege ikapaa, kisha konrodi ikakatika ikiwa angani.

Kuzungusha kwa mkono

Kwa hiyo kabla ya kuwasha, plagi hazina umeme na rimoti imezimisha moto, pangaboi huzungushwa kwa mkono taratibu. Huzungushwa upande uleule injini inaokwenda, si kinyume, kwa sababu kinyume huisukuma oili kwenye bomba la kuingilia hewa nayo baadaye hurudi ilikotoka. Ni lazima izunguke mara mbili kamili au zaidi, ili kila silinda ipite pale inapobana. Mkono ukihisi ugumu usio wa kawaida, halazimishwi mtu wala injini. Plagi za chini hufunguliwa, oili ikamwagwa, kisha mtu akaanza tena.

Siku moja kwenye maonyesho, zamu yetu ilikuwa imetangazwa na watu wamesimama nyuma ya kamba wakingoja. Mrushaji akazungusha pangaboi, akasita. Akazungusha kidogo tena, akaniambia nilete spana ya plagi. Kutoka silinda moja ya chini ilitoka oili ya kujaza kijiko cha chai. Tukaifuta, tukarudisha plagi, lakini dakika zetu zilikuwa zimekwisha na ndege ya mtu mwingine ilikuwa tayari njiani. Watazamaji hawakuiona Martlet siku ile. Jioni mrushaji aliipakia garini ikiwa nzima, na ilipaa wiki iliyofuata.

Mizani, redio na vibao

Kitovu cha uzito hupimwa ndege ikiwa na kila kitu isipokuwa petroli, magurudumu yakiwa yamewekwa kama yatakavyokuwa angani. Ndege za kivita za injini ya radiali zina pua fupi, na fundi mara nyingi hulazimika kuongeza risasi mbele hadi ikae pale mchoro unapoonyesha. Mkia ukizidi uzito, ndege hukosa utulivu, na hakuna ufundi wa vidole unaoweza kuiokoa.

Umeme hutoka kwa betri mbili zenye swichi mbili, ili moja ikifa nyingine ibebe. Mawasiliano hujaribiwa kwa kupunguza nguvu ya rimoti na kutembea mbali na ndege kwa hatua zilizoandikwa na mtengenezaji, kwanza injini ikiwa kimya, halafu ikiwa inanguruma. Tena rimoti huzimwa kwa makusudi ndege ikiwa imefungwa chini, ili kuhakikisha kwamba mawimbi yakipotea injini inashuka au inazima yenyewe. Bila hivyo ndege iliyopotelewa na bwana wake huendelea kukimbia kwa nguvu ileile iliyoachiwa.

Kisha vibao. Eleroni, elevata na usukani wa mkia husogezwa kimoja kimoja, nami nikisema kwa sauti ninachokiona: kushoto, kulia, juu, chini. Haitoshi kuona kwamba vinasogea, lazima visogee upande unaotakiwa. Baada ya ndege kufunguliwa na kuunganishwa upya, waya mmoja ukiingia tundu lisilo lake, kibao kitakwenda kinyume, na mrushaji atajua ndege ikiwa mita mbili juu ya ardhi.

Kuwasha

Ndege hufungwa kamba mkiani kwenye kigingi, na msaidizi hushika. Mtungi wa kuzimia moto uko karibu. Hakuna anayesimama mbele ya pangaboi wala ubavuni mwake sawa na linavyozunguka, maana kipande kikikatika huruka upande huo. Shati la mikono mipana, lesso na kamba za shingoni haviruhusiwi karibu.

Injini ikishawaka huachwa ipate moto taratibu. Silinda zote tano ziwe za moto. Iliyo baridi haifanyi kazi na lazima itafutwe sababu. Ndani ya pua fundi huweka vizuizi vya kulazimisha hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda badala ya kupita kando, na nafasi ya kutokea hewa huwa kubwa kuliko ya kuingilia. Kisha injini hupandishwa hadi mwisho kwa sekunde chache, ikashushwa. Ikisita, ndege hairuki.

Kupaa na kutua

Martlet ilikuwa na tabia moja ambayo mfano wake umeirithi: magurudumu yake hukunjwa ndani ya kiwiliwili, si ndani ya mabawa, kwa hiyo yamekaribiana. Rubani wa zamani aliyainua kwa kuzungusha mpini kwa mkono karibu mara 30. Miguu iliyokaribiana namna hiyo huifanya ndege iyumbe ardhini, hasa pangaboi kubwa linapoanza kuivuta pua upande wa kushoto.

Kwa hiyo nguvu huongezwa kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa, ndege ikielekea upepo. Elevata huvutwa mwanzoni ili gurudumu la mkia likanyage ardhi na kuongoza, na usukani wa kulia husubiri kabla pua haijahama. Mwendo ukikolea mkia huinuka wenyewe. Ndege haivutwi juu kwa pupa. Huachwa ikimbie hadi bawa lenyewe liwe tayari kubeba. Magurudumu hukunjwa baada ya kuonekana wazi kwamba inapanda.

Katika safari ya kwanza hakuna michezo. Mrushaji huipeleka juu, huinyoosha, kisha hupunguza mwendo hapohapo juu akiwa ameteremsha flapu, ajue ni wakati gani bawa linaacha kubeba. Maarifa hayo atayahitaji akirudi. Ajali nyingi za ndege hizi hutokea kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua: mwendo umepungua, mrushaji anaona kona imempita, analaza bawa sana na kuvuta elevata, bawa la ndani linaacha kubeba, ndege inajipindua. Dawa ni kona pana, nguvu kidogo ya injini hadi karibu na ardhi, na moyo wa kupaa tena ikiwa mstari haukukaa sawa. Saa ya rimoti huwekwa ilie petroli ingalipo ya kutosha kurudia kutua.

Ikishatua, injini huzimwa hukohuko uwanjani, petroli humwagwa, oili hufutwa na kila skrubu hupitiwa, kwa sababu mtikisiko wa injini hulegeza kilichokazwa asubuhi.

Na hapa kwetu?

Hewa yetu ya joto ni nyepesi kuliko ya Uingereza, kwa hiyo injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji uwanja mrefu zaidi. Chumvi ya bahari hula chuma na viunganishi vya umeme. Ufukwe, ambao wengi huufikiria kwanza, haufai: una mchanga unaoingia kila tundu na una watu kila saa.

Kubwa kuliko hayo ni anga yenyewe. Uwanja wa Port Reitz wa zamani za vita ndio leo Uwanja wa Kimataifa wa Moi, na tuna Ukunda, Malindi na Manda. Ndege zenye abiria hushuka juu ya mitaa yetu kila siku. Anga hiyo husimamiwa na KCAA, na tangu 2020 kuna kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani. Mwenye hamu aende kwao kwanza, aeleze anataka kurusha nini na wapi, apate jibu la maandishi kabla ya kutoa shilingi yake kwa muuzaji. Kisha aanze na ndege ndogo ya betri iliyotengenezwa kwa povu, mbali na watu, akiwa na mtu anayejua.

Na akifika kwenye ndege kubwa, atafute msaidizi asiyemwogopa. Katika kikundi chetu kuna sharti moja ambalo halijadiliwi: mimi nikisema leo hairuki, hairuki, hata kama ndege si yangu na sina sababu ila wasiwasi. Naye akisema, vivyo hivyo. Hatuulizani maswali hadi pangaboi limesimama.