Mashamba ya Shule: Serikali ya Uchina ya Kale Ilivyogharamia Elimu Mikoani

Kuamuru shule ijengwe ni jambo jepesi. Kazi ni kuiendesha mwaka baada ya mwaka. Watawala wa Uchina walilijua hilo zama za ukoo wa Song (960–1279).

Mwaka 1044, kwa juhudi za waziri Fan Zhongyan, ilitoka amri kwamba mikoa na wilaya ziwe na shule za serikali. Mwaka uliofuata Fan aliondoka madarakani, na amri ikabaki bila fungu la kudumu. Palipokuwa na mkuu mwenye moyo, shule ilisimama. Kwengine mambo yalilala.

Mwaka 1071, chini ya Wang Anshi, ikaja njia nyingine: kila mkoa upewe ardhi ya qing 10, takriban ekari 140, kwa ajili ya shule. Mashamba hayo yalikodishwa kwa wakulima. Kodi yao, ya nafaka au pesa, ililisha wanafunzi, ikakarabati majengo na kugharamia ibada za kumuenzi Confucius. Sisi wa Pwani tutaona yafanana na shamba la wakfu. Tofauti ni kwamba hapa mtoaji alikuwa serikali, na serikali ikitoa yaweza pia kuchukua.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa karne ya 12, waziri Cai Jing alipanua shule za mikoani hadi wanafunzi wakafikia takriban 200,000. Mwaka 1121 mpango wake ulifutwa.

Hatari nyingine ilitoka jirani. Wenye nguvu walimega mashamba ya shule, na wapangaji wengine hawakulipa. Ndiyo maana shule nyingi zilichonga orodha ya mashamba yao kwenye mawe na kuyasimamisha uani, kila mtu aone. Baadhi ya mawe hayo yapo hadi leo.

Mwaka 1375, mfalme Zhu Yuanzhang wa ukoo wa Ming aliamuru shule za vijijini, lakini bila kuzitengea fungu. Maofisa wakaigeuza amri kuwa njia ya kuwakamua wanavijiji, naye akazisimamisha mwaka 1380.

Basi shule haikulindwa na amri peke yake. Ililindwa na shamba lenye mipaka inayojulikana, na watu walioweza kuisoma hati yake.