Simu na Mgonjwa Aliyechoka

Msomaji, ukisimama kivukoni Likoni asubuhi utaona watu wakimiminika kuingia katika feri. Huenda miongoni mwao yumo mgonjwa wa saratani aendaye hospitali kisiwani. Feri imevusha watu hapo tangu 1937. Watu wa Kisauni nao walipata daraja la kuelea la Nyali mwaka 1931, na daraja jipya mwaka 1980. Njia imefupishwa, lakini kwa mtu aliyechoka ni ndefu bado.

Uchovu wa saratani si ule wa mkulima atokaye shambani. Ule huondoka kwa usingizi. Huu mgonjwa hulala nao na kuamka nao. Huletwa na ugonjwa wenyewe, au dawa, au upungufu wa damu, au maumivu, au huzuni. Basi swali la tabibu likimfikia mtu huyu nyumbani, amepunguziwa mzigo.

Jambo hili lilikwisha jaribiwa Kenya kwa ugonjwa mwingine. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za UKIMWI, Nairobi na Kajiado, waliandikishwa katika utafiti wa WelTel. Nusu yao hivi waliletewa kila juma, kwa simu ya mkono, neno moja: "Mambo?" Katika saa 48 walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida." Aliyejibu shida, na asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa 2010: walioandikiwa, 62 katika kila mia walitumia dawa ipasavyo, wasioandikiwa, 50. Wala haikuhitajiwa simu ya thamani.

Je, tuuchukue mpango huo vivyo hivyo hadi Likoni? (Mimi nisingethubutu kumwandikia mama mtu mzima "Mambo?", hiyo ni salamu ya vijana.) Liko zito zaidi. Mtu wa pwani aliyelelewa vema husema hajambo kwanza, hata homa ikiwa imempanda, kisha ndipo atoe habari. Tena mwenye uchovu aghalabu hauhesabu kuwa shida; hudhani ndiyo desturi ya dawa. Atajibu "Sawa," na muuguzi atampita.

Huyu yafaa aulizwe uchovu wenyewe kwa hesabu, tangu 0 hadi 10, kama matabibu wengi wafanyavyo. Akijibu 7, muuguzi apige simu aulize habari za damu, maumivu na usingizi. Mwingine ataambiwa atembee kidogo kila siku, kwani mwendo wa kiasi umethibitika kupunguza uchovu huo, ingawa sisi jamaa humwamuru mgonjwa alale tu. Asiyeweza kusoma herufi ndogo asikie sauti ya mtu. Na yule wa Changamwe ambaye simu ni ya mwanawe, na mwana yuko kazini bandarini mchana kutwa? Swali lake litumwe usiku.