Mzimu, Mtaa na Mwuaji Asiyejulikana

Katika makosa yote wanayotendeana binadamu hakuna lichukizalo kuliko kuua, na katika mauaji yote hapana yatishayo kuliko yale ambayo mwuaji wake hajulikani. Maiti akishazikwa, huzuni yake hubaki kwa jamaa zake. Lakini mkono uliomwua usipojulikana, hofu yake huwa ya mji mzima. Milango hutiwa komeo mapema, na kila mpita njia hutazamwa mara mbili. Insha hii yakusudia kutazama jinsi watu wa Unguja, na hasa wa Mji Mkongwe, walivyokabiliana na mtu huyu asiye na jina, katika uvumi, katika hadithi, na katika mambo yaliyotokea kweli. Nayo yataka kuonyesha kwamba hadithi ya upelelezi, ambayo wengine huiona kuwa ni ya kupotezea wakati tu, ilileta katika fasihi ya Kiswahili adabu moja kubwa, yaani adabu ya kudai ushahidi kabla ya kumnyoshea mtu kidole.

Yafaa kwanza kuufikiri mji wenyewe. Mji Mkongwe si mahali pa kujificha. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba zake zimegusana, na barazani hawakosi watu wa kumwona apitaye. Mgeni akiingia mtaani huulizwa yeye ni nani, mwana wa nani, na anakwenda kwa nani. Ng'ambo na mashamba mambo ni hayo hayo. Basi mtu angedhani kwamba katika mji wa namna hii mwuaji asiyejulikana hawezi kuwako. Lakini sivyo. Palipo na mazoea mengi, jambo lisilojulikana hutisha zaidi, kwa kuwa lamaanisha kwamba mmoja katika watu tunaosalimiana nao kila asubuhi ana nyuso mbili. Kusema "mwuaji ni mwenzetu" ni kuzito; ni wepesi zaidi kusema kwamba si mtu, au kwamba ni mtu atokaye mbali.

Ushahidi wa jambo hili tunao katika kamusi. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, alipofika kwenye neno mumiani hakutosheka kueleza kwamba ni dawa ya rangi nyeusi mfano wa gundi. Aliongeza kwamba wako walioshikilia kuwa ni damu iliyoganda, ya watu waliouawa kwa kusudi hilo. Na kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ukizuka, watu wa mji hujawa na hofu na ni nadra kutoka nje baada ya jua kuchwa. Tazama, msomaji, jinsi mwuaji huyu alivyoumbwa. Huua wengi wala si mmoja, hana uso, na hutumwa na wengine ambao nao hawajulikani. Kwa hiyo hawezi kukamatwa, na kwa hiyo pia yeyote aweza kudhaniwa kuwa ndiye.

Wala tusifikiri kwamba tabia hii ni ya watu wa pwani peke yao. Mwaka 1888, katika mtaa wa Whitechapel mjini London, wanawake watano waliuawa kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Novemba, na mpaka leo mwuaji wao hajapata kujulikana. Katika mwezi wa Septemba shirika moja la habari lilipokea barua iliyotiwa sahihi ya Jack the Ripper, na jina hilo likaenea ulimwenguni. Polisi wa siku zile, na wanahistoria wengi baada yao, waliona kwamba yaelekea barua ile iliandikwa na mwandishi wa magazeti. Ikiwa ndivyo, basi hata jina la mwuaji lilitungwa na mtu mwingine aliyejificha. Wakati huo huo fundi viatu mmoja, John Pizer, alidhaniwa kuwa ndiye mwuaji, akalazimika kujificha kwa jamaa zake kwa kuogopa kundi la watu. Polisi walipomkamata na kumhoji, ilithibitika kwamba siku za mauaji alikuwa mahali pengine, akaachiliwa. Kilichomwokoa Pizer ni ushahidi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika 1887, Arthur Conan Doyle alikuwa ametoa hadithi ya kwanza ya Sherlock Holmes. Ile hadithi ya mtu afikiriye sawasawa na lile kundi lisilofikiri zilitokea katika mji mmoja na katika zama moja.

Kwetu sisi hadithi ya namna hiyo ilikuja na Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti, na mwaka 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Kazi zote mbili humzoeza mtu kuingia penye mambo yaliyofichwa na kuuliza sababu yake. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960.

Jina la kitabu hicho lilichaguliwa kwa akili. Kila mtu wa Unguja ajua mzimu ni nini: ni pango au mti mkubwa, na bendera zake nyeupe na nyekundu, mahali pa kufukizia ubani na kuweka nadhiri. Katika hadithi hii mtu mwenye mali aonekana amekufa mzimuni, na wenyeji wana jawabu lao tayari, kwamba mizimu imemtwaa. Ndipo anapoingia Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum kando yake, asiyekubali jawabu lililokuja kabla ya swali. Hamdhihaki mtu kwa imani yake. Auliza tu: nani alipita, saa ngapi, na nani atapata faida? Na mara aulizapo hivyo, mzimu hurudi kuwa pango, na kifo hurudi kuwa kazi ya mtu.

Hapa pana jambo ambalo wahakiki wengine hulipita upesi. Husemwa kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Kufanana kuko, hapana abishaye. Lakini siri anayoitafuta si ile ile. Holmes aishi katika mji wa mamilioni, ambamo jirani hamjui jirani, na hana budi kusoma matope ya kiatu apate kumjua mgeni. Bwana Msa aishi mahali ambapo kila mtu ajulikana, au adhaniwa kujulikana. Kwa hiyo siri zake zimo ndani ya ujuzi huo huo: nasaba iliyofichwa, ndoa isiyotangazwa, mtoto ambaye babake si yule atajwaye barazani. Ndiyo sababu mambo ya uzazi na urithi yanarudi tena na tena katika vitabu vilivyofuata, kama Duniani Kuna Watu cha mwaka 1973 na Mke Mmoja Waume Watatu cha mwaka 1975. Mtu asiyejulikana, kwa Abdulla, ni jirani ambaye mtaa umemkosea jina. Hata Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, chachukua jina la Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi ya Unguja, na kulitia katika hadithi ya watu wa kawaida.

Je, adabu hiyo ilikuwa na faida nje ya kitabu? Mwaka 1995 watu wa visiwani walipata jawabu chungu. Mapema mwaka ule, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi wa Oktoba, ambao ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya 1964, habari za Popobawa zilizuka Pemba, zikavuka mpaka Unguja na kuingia mjini. Ilisemwa kwamba ni kiumbe kiwavamiacho watu usingizini na kuwafanyia ubaya. Watu waliacha vyumba vyao, wakalala nje pamoja, wakikoka moto na kukesha. Katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, na kundi la watu likamwua mjini Unguja.

Tuyapime maneno haya polepole. Popobawa hakuua mtu. Kundi ndilo lililoua. Nalo kundi, kwa tabia yake, ni mwuaji asiyejulikana kuliko wote. Kila mmoja alipiga, na hapana aonaye kwamba yeye ndiye aliyeua. Watu waliotoka kumtafuta adui asiye na uso walijivua nyuso zao wenyewe. Wala haukukosekana ujuzi wa mtaa usiku ule. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuliza, kama aulizavyo Bwana Msa, huyu ni nani, ametoka wapi, na nani alimwona akitenda? Maswali matatu mafupi yangalitosha kuokoa uhai.

Siku zetu zimeleta kinyago kipya. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na jina lake tu latosha kuonyesha kwamba fasihi yetu ilikuwa imekwisha kutambua hofu ya sauti isiyo na sura. Intaneti imeipita simu mbali. Mtu aweza kujipa jina, umri na picha visivyo vyake, akazungumza na maelfu kutoka chumba kimoja cha Shangani au Malindi, na mtaa wake usijue. Swali la barazani, "mwana wa nani?", halina wa kulijibu. Na kundi nalo halihitaji tena kukutana njiani; uvumi ulioandikwa usiku huwa umemhukumu mtu kabla ya alfajiri.

Lakini tusiseme kwamba jina lililofichwa ni ovu daima. Shahidi amwogopaye mkubwa, na mnyonge asiyeweza kusema hadharani, hujifunika ili kweli ipate kutoka. Pazia ni lile lile. Tofauti ni jambo linalotendwa nyuma yake, na hilo halijulikani ila kwa kuchunguza. Wala mtu wa mtandaoni si pepo. Huacha nambari, saa, chombo alichotumia na mazoea ya lugha yake, kama vile mwuaji wa zamani alivyoacha nyayo.

Hivyo mwandishi kijana wa Unguja atakaye kutunga hadithi ya mwuaji wa siku hizi, auaye mmoja baada ya mmoja huku amejificha katika majina ya uongo, ana urithi wa kumsaidia. Itampasa kujua vyombo ambavyo Bwana Msa hakuvijua. Lakini akiishia kutuambia kwamba mtandao ndio uliua, atakuwa amefukiza ubani katika mzimu mpya. Kazi yake ni kutuonyesha mtu, na ushahidi uliomfichua. Na kama ni mtunzi hodari zaidi, atatuonyesha pia yule asiye na hatia ambaye wasomaji wake walikuwa wamekwisha kumhukumu.