Watangulizi wa Usambara

Barabara ya Mombo hata Lushoto yapata kilomita 33. Msafiri huliacha joto la bondeni, akapanda kwa kuzunguka kingo za mlima, hata akaikuta baridi, migomba na mikuyu. Wageni wengi huenda huko kutembea kwa miguu. Mwenye siku moja hufika Irente, ambako mlima hukatika ghafla na nchi tambarare ya Mazinde ikaonekana chini kabisa. Mwenye siku nyingi hupita msitu wa Magamba, akalala vijijini, hata afike Mtae. Njiani huonyeshwa majengo ya Wajerumani, waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na kusimuliwa kwamba hao ndio watangulizi. Neno hilo lafaa kupimwa kabla ya kukubaliwa.

Mmisionari Krapf alifika Vuga mwaka 1848, kabla ya utawala wa Wajerumani. Hakukuta pori lisilo mwenyewe. Alikuta mji na mfalme, Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake ilishuka milimani hata karibu na pwani. Na ufalme huo nao ulikuwa na mtangulizi wake. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewajua watawala hao kwa karibu, katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoanza kupigwa chapa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19.

Masimulizi yasema kuwa Mbegha alitoka Ungulu. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na nduguze wakamwogopa kuwa ni mkosi. Akatoka na mbwa wake na mikuki, akawinda nguruwe wa mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa. Nyama akawagawia watu, nao wakampa vyakula vya shamba. Akaamua kesi zao, hata mwisho wakamtawaza Vuga.

Basi, Mbegha naye hakuwa wa kwanza: wakulima aliwakuta. Kwa nini basi historia ya nchi huanzwa naye? Jibu limo katika lugha ya Washambaa wenyewe. Wao husema kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Kwa kipimo hicho mtangulizi si aliyetia mguu mbele ya wengine, bali ni yule ambaye baada ya kufika kwake mashamba yalizaa na watu wakakaa kwa amani.

Kipimo hiki hakina upendeleo, hata kwa Wakilindi. Kimweri alipokufa mwaka 1862 jamaa zake walipigania urithi, bunduki zikaingia, raia wakakamatwa na kuuzwa pwani. Wabondei wakaasi, na uasi huo ukaitwa Kiva. Wana wa mponyaji wakawa waharibifu.

Wajerumani nao walikata misitu ya Usambara Mashariki katika miaka ya 1890 wapande kahawa. Ukubwa wa miti uliwadanganya kuwa udongo una rutuba nyingi, kumbe rutuba ilikuwa ikitoka katika msitu wenyewe. Kahawa ikadhoofika baada ya miaka michache. Chuo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, kiliacha elimu yenye manufaa, lakini mti uliokatwa haurudishwi na elimu. Halafu Waingereza, katika miaka ya 1950, walilazimisha watu kulima matuta ili kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilikuwa kuponya. Lakini kazi ilikuwa nzito, mashamba madogo, na amri haikumsikiliza mwenye jembe. Watu wakapinga, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru.

Haya hayampunguzii mgeni furaha ya kutembea. Yanambadilishia swali. Asimamapo Irente asiulize tu nani alifika hapa kwanza, maana kila aliyetajwa alimkuta mwenzake. Aulize nani aliiacha nchi ikiwa nzima kuliko alivyoikuta. Swali hilo huwahusu wafalme, wamisionari na magavana waliopita, na humhusu pia mgeni mwenyewe, ambaye njia aikanyagayo hupita kando ya shamba la mtu.