Limbwata lililomrudia mpishi

Mchawi Jennifer ana kisasi cha zaidi ya miaka 200. Babu wa mababu wa Wallace Wooley ndiye aliyemponza akachomwa moto, sasa anamwandalia kitukuu limbwata, ampende mpaka achanganyikiwe. Kabla hajamnywesha, picha iliyotundikwa ukutani inamwangukia kichwani. Wooley, kwa wema wake, anashika glasi ileile na kumnywesha bibie apate fahamu. Amekwisha! Mchawi anazuzuka kwa dawa yake mwenyewe.

Ndiyo I Married a Witch, filamu ya mwaka 1942 iliyoongozwa na Mfaransa René Clair, Jennifer akiwa Veronica Lake. Chanzo chake ni mswada ambao mwandishi Mmarekani Thorne Smith aliuacha bila kuumaliza alipofariki mwaka 1934. Norman Matson ndiye aliyeukamilisha.

Smith alikuwa ameshaifungua njia hiyo mwaka 1926 kwa riwaya yake Topper. Mfanyakazi wa benki aliyechoshwa na maisha ya ratiba ananunua gari ambalo mume na mke walifia ndani yake. Mizimu yao inamtokea, lakini haina haja ya kumtisha. Inataka mtu wa kustarehe naye, na kinywaji hakikosekani. Wakati huo pombe ilikuwa marufuku Marekani. Marehemu, bila shaka, hawaogopi polisi.

Kwetu jini mahaba hachekeshi mtu. Anayesumbuliwa naye hutafutiwa kisomo, na nyumba nzima hunong'ona. Wamarekani walimwondolea kiumbe wa ajabu utisho wake kwa kumpa shida za nyumbani. Mwaka 1964 televisheni ya ABC ilianza kuonyesha Bewitched, ambamo Samantha, mchawi, anaolewa na Darrin, mtu wa matangazo ya biashara. Mume hataki uchawi ndani ya nyumba yake. Mama mkwe, Endora, ni mchawi pia, na kila akimwita Darrin hulikosea jina makusudi. Ondoa uchawi wote, bado ugomvi huo unaujua. Pengine umewahi kuukalia kikao. Vipindi vilifika 254 kabla ya kusimama mwaka 1972.

NBC nayo ikajibu mwaka 1965 kwa I Dream of Jeannie, kazi ya Sidney Sheldon, yuleyule wa riwaya nene za mahaba na visa. Mwanaanga anaokota chupa ufukweni, anatoka jini wa kike, anampenda papo hapo. Kwa misimu minne mwanaume anahangaika kumficha mbele ya wakubwa wake wa kazi. Katika msimu wa tano wakafunga ndoa, na mwaka 1970 mchezo ukafungwa. Wengi wanailaumu harusi ile, nami nipo upande wao. Jini anayeweza kila kitu lazima awe na kitu kimoja asichokipata. Akishakipata, mtazamaji abaki kungoja nini?

Charlaine Harris alilielewa hilo vizuri kuliko wote. Riwaya yake Dead Until Dark ilitoka mwaka 2001. Sookie, mhudumu wa baa katika mji mdogo wa Louisiana, husikia mawazo ya kila mtu, kwa hiyo hawezi kukaa na mwanaume yeyote: kila tamaa na kila uongo anausikia. Anatokea mnyonya damu ambaye kichwani mwake hamsikiki kitu. Kimya hicho ndicho kinachomvuta. Na jina la kiumbe huyu wa kutisha ni Bill tu, kama fundi bomba. Bibi yake Sookie hapigi hata yowe. Anafurahi kupata mtu aliyepigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, anamwalika aje awahutubie wapenda historia wa mtaani.

Harris aliandika vitabu 13 vya Sookie, cha mwisho mwaka 2013. Ila wewe anza na Jennifer na glasi yake: filamu nzima haifiki dakika 80.