Boma la Kale, Dar es Salaam
Kabla ya mji huu kuitwa Dar es Salaam, palikuwapo hapa kijiji cha Mzizima, makao ya Washomvi na Wazaramo, hata katika miaka ya 1860 Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alipoipenda bandari yake iliyositirika na pepo, akaanza kujenga. Jumba hili la mawe ya matumbawe, lenye boriti za mikoko na mlango wa nakshi ambao mpita njia hana budi kusimama kuutazama, lilikusudiwa kuwakirimu wageni wake. Lakini Majid alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash hakuushughulikia mji, majumba yakaachwa kuchakaa. Wajerumani walifika 1887. Mwaka 1891 wakahamishia hapa, kutoka Bagamoyo, makao makuu ya serikali yao.